Namna ya Kusoma Kitabu cha Picha cha Punda Pamoja na Watoto Wadogo

Kitabu cha kuanzia ni kile kinachomhusu mnyama ambaye mtoto humwona kila siku, na kwa watoto wengi wa vijijini Dodoma, kuanzia Bahi hadi Chamwino, mnyama huyo ni punda, kwa kuwa wamemwona akibeba madumu ya maji na magunia ya mtama tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Simba na twiga watafuata baadaye. Mtoto anayemfahamu punda hufungua ukurasa wa kwanza akiwa tayari na la kusema, na kazi ya mtu mzima ni kumpa nafasi ya kulisema.

Chagua kitabu chenye picha kubwa na maneno machache, kisha ukisome peke yako hadi mwisho ili ujue pa kushusha sauti na ukurasa wa kutua kwa muda. Ketini mkekani, kivulini, mahali palipokingwa na upepo, maana kati ya Juni na Agosti upepo wa Dodoma hufunua kurasa kabla hamjazimaliza. Kitabu kiwe usawa wa macho ya watoto. Katika darasa la awali lenye watoto wengi, ni afadhali kuwagawa katika makundi madogo na kusoma kwa zamu kuliko kuwasomea wote kwa pamoja huku wa nyuma wakiona visogo vya wenzao.

Anza na jalada. Waulize wanaona nini, kisha nyamaza. Watu wazima wengi hujibu swali lao wenyewe upesi mno, ilhali mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji muda wa kutazama, kuwaza na kutafuta neno. Akijibu kwa Kigogo au Kirangi, lipokee jibu lake kwa furaha, kisha utaje jambo hilohilo kwa Kiswahili bila kumkosoa. Akisema "masikio", mwongezee: "Ndiyo, masikio marefu, yanamsaidia kusikia sauti za mbali na kupunguza joto la mwili." Maswali yanayomtaka mtoto abashiri, kama vile "Unadhani punda atakwenda wapi sasa?", humfanya azungumze kuliko yale yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana.

Jambo ambalo lisiachwe ni mstari wa mgongoni. Punda wengi wana mstari mweusi unaopita mgongoni, na mwingine unaoukata mabegani na kushuka pande zote mbili, na mchoraji makini huuonyesha. Mwombe mtoto aufuatishe kwa kidole pichani; kisha, mtakapokutana na punda njiani, simameni kando kwa umbali wa kutosha, kamwe si nyuma yake kwa sababu hupiga mateke, mtazame kama naye anao. Kwa punda mwenye manyoya meusi mstari huo ni vigumu kuuona, na hapo mtoto atauliza kwa nini, jambo ambalo ni zuri kuliko jibu lolote utakalompa.

Asiyejua kusoma naye anaweza kuifanya kazi hii. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, husomwa kwa macho tu, na anayesimama mbele yake humtambua twiga bila kuhitaji herufi. Vivyo hivyo bibi anaweza kumwambia mjukuu, "Haya, mjukuu wangu, nioneshe punda amebeba nini," kisha akasimulia kwa kufuata picha, na mara nyingi atasimulia vizuri kuliko maandishi yenyewe, kwa kuwa anajua punda anavyolia alfajiri na anavyogoma akizidishiwa mzigo.

Dakika kumi zinatosha. Watoto wakianza kugeukageuka, funga kitabu hata kama hadithi haijaisha. Na wakitaka kitabu kilekile kesho na keshokutwa, wasomee tena, kwa maana katika kurudia ndipo wanapoyashika maneno. Kihifadhi kwenye mfuko, mbali na vumbi na mchwa, lakini mahali ambapo mtoto anaweza kukifikia bila kuomba.