Kubadilisha Sproketi za Pikipiki: Hesabu Kwanza, Spana Baadaye

Kabla ya kulegeza nati yoyote, hesabu meno ya sproketi zote mbili, yaani magurudumu ya meno yanayozungusha cheni, moja mbele kwenye injini na moja kwenye gurudumu la nyuma, kisha gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Pikipiki yenye meno 15 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 2.80. Ukiweka 14 mbele unapata 3.00, na ungeupata uwiano huohuo kwa kuacha 15 mbele na kufunga 45 nyuma. Pikipiki itapanda mlima na mzigo kwa wepesi zaidi, lakini kwa mzunguko wa injini uliokuwa ukikupa kilomita 80 kwa saa, sasa utapata takriban 75.

Sproketi ya mbele ni rahisi kubadilisha, na ndiyo maana wengi huanza nayo. Mimi hupendelea ya nyuma, kwa sababu sproketi ndogo mno mbele huikunja cheni kwa ukali na kuishusha karibu na mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Niliwahi kufunga ya meno 13, na baada ya siku chache plastiki inayokinga mkono huo ilikuwa imechimbwa mfereji.

Ukibadilisha ya mbele, fungua kifuniko, nyoosha ukingo wa washa (kibati cha duara kilicho chini ya nati) uliokunjwa kuizuia nati, kisha legeza nati hiyo cheni ikiwa bado imefungwa na mwenzako akikanyaga breki ya nyuma. Ukitoa cheni kwanza, shafti itazunguka tu. Ya nyuma huhitaji kutoa gurudumu. Safisha habu, yaani kitovu cha gurudumu sproketi inapofungwa, na kaza boliti kwa kupishana, kwa mkazo uliotajwa katika kitabu cha pikipiki.

Urefu wa cheni nao huguswa: kila meno mawili yanayoongezwa huhitaji takriban pingili moja zaidi. Meno matatu huenda yakamezwa na nafasi ya kusogeza ekseli mbele. Yasipomezwa, tafuta cheni ndefu zaidi ya namba ileile, kwa mfano 428 kwa 428. Cheni iliyochakaa usiifunge kwenye sproketi mpya, kwani itayala meno yake mapema. Pingili ya kuungia ikiwa na klipu, upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Mwisho, zungusha gurudumu taratibu hadi upate mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo upime mchezo wake, yaani kiasi inavyopanda na kushuka ukiisukuma katikati. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka milimita 25 hadi 35, lakini kitabu chako ndicho kinachoamua. Linganisha alama za ekseli za pande zote mbili, kaza ekseli, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huko mara nyingi huivuta cheni. Kama kipimamwendo huendeshwa na giaboksi, sasa kitasoma zaidi ya mwendo halisi; kinachoendeshwa na gurudumu la mbele hakibadiliki.