Kabla Mzee Hajashika Jembe Tena: Baada ya Upasuaji wa Ngiri

Baba mdogo alipasuliwa ngiri ya kinena, yaani utumbo uliojipenyeza kwenye tundu la nyama za tumbo mpaka kinenani, akiwa na miaka 68. Siku ya kumi alitolewa nyuzi, kidonda kimekauka vizuri, na jioni ile ile tukamkuta kisimani anavuta maji. "Si nimeshapona?" akauliza. Iliyokuwa imepona ni ngozi. Nyama za ndani, pale daktari aliposhona na kuweka wavu wa kuimarisha, huchukua wiki kadhaa kushikamana, na kwa mtu mzima huchelewa zaidi, hasa akiwa na kisukari au akivuta sigara.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana atashika jembe lini, tuulizane kwanza: ni nini kiliisukuma ngiri ikatoka? Wengi hujibu ni mizigo. Kwa wazee kuna mambo matatu yanayosahaulika: kikohozi kisichoisha, choo kigumu, na mkojo wa kujikamua kwa sababu ya tezi dume. Haya husukuma tumbo kila siku hata kama mzee hajanyanyua kijiko. Upasuaji huziba tundu, msukumo unabaki pale pale. Nionavyo mimi, hapo ndipo familia nyingi tunapokosea: tunamnyang'anya mzee ndoo, tunamwachia kikohozi.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe, kifua kikuu kikiwemo. Akitaka kukohoa au kupiga chafya, akandamize mto juu ya kidonda. Choo nacho kina hila zake, maana dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga tumbo, na mzee hatasema mpaka aulizwe. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani na ugali wa dona husaidia. Visipotosha, hospitalini zipo dawa za kulainisha choo. Kama nyumbani ni choo cha kuchuchumaa, tobueni kiti imara katikati mkiweke juu ya tundu. Na kama anaamka mara nne usiku na bado mkojo unatoka kwa matone, atibiwe hiyo tezi. Wazee wengi huona haya kulitaja hili mbele ya wanawe, basi aingie kwa daktari peke yake.

Kutembea kusingoje. Aanze siku ile ile ya upasuaji akiweza, hatua chache chache, kwa kuwa kulala tu huleta damu kuganda miguuni. Akiamka kitandani ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Anayeswali aswali kwenye kiti mpaka sijida isimuume.

Mzigo ni suala la hesabu. Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, kilo 5 ziwe mwisho, labda daktari wake aseme vingine. Kidumu cha lita 5 tayari kimefika hapo. Ndoo ya lita 20 ni mara nne yake, na mjukuu wa miaka miwili anayetaka kubebwa naye ana zaidi ya kilo 10. Gari aendeshe pale anapoweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita kwa maumivu. Bodaboda za njia za mashimo zingoje. Tendo la ndoa halina tarehe maalumu: maumivu yakiisha, ruksa.

Korodani kuvia damu na kuvimba kidogo siku za mwanzo ni kawaida, wala hajarogwa. Lakini uvimbe mgumu unaouma pamoja na kutapika, usaha, homa, mkojo kuziba, au mguu mmoja kuvimba, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Baba mdogo alirudi shambani wiki ya saba, akaanza na kupalilia. Matuta ya viazi alimwachia kijana mpaka msimu uliofuata, na kisimani siku hizi anakwenda kupiga soga tu.