Jioni ya Mazungumzo katika Klabu ya Wapanda Milima: Namna ya Kuiandaa Jijini Nairobi

Klabu nyingi za wapanda milima jijini Nairobi huonekana hai Jumamosi alfajiri, watu wanapokusanyika kando ya basi wakiwa na mashanta mgongoni, kisha hutoweka mpaka safari nyingine itangazwe. Baada ya miaka kadhaa ya kuratibu jioni za klabu yetu, nimeamini kwamba klabu hujengwa ukumbini, katikati ya wiki, pale ambapo mtu asiyewahi kupanda mlima wowote huketi karibu na aliyekwisha kulala Shipton's, kambi ya juu ya Mlima Kenya, akamwuliza lile swali aliloona haya kuliandika kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo, unapoandaa jioni ya mazungumzo, mfikirie kwanza huyo mgeni. Karibu kila shauri nitakalolitoa hapa limetokana na kujiuliza kama yeye atapata sababu ya kufuatana nasi Jumamosi.

Siku, saa na ukumbi

Chagua Jumatano. Alhamisi imekaribia mno safari: mgeni akiambiwa Alhamisi usiku kwamba raba zake zitateleza kwenye matope ya milima ya Aberdare, hana tena nafasi ya kupita soko la Toi au Gikomba kutafuta viatu vya mtumba vyenye soli ya meno. Akiambiwa Jumatano, ana siku mbili za kutafuta, au za kuazima kwa mwanachama mwenye mguu kama wake.

Saa hupangwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Jiulize kwanza ni saa ngapi anayeishi Kitengela, Ruiru au Rongai anapaswa kuwa kituoni kabla ya matatu kupungua, kisha urudi nyuma. Sisi humaliza kila kitu saa mbili na dakika arubaini usiku. Mazungumzo huanza saa moja na robo, na mlango hufunguliwa saa kumi na mbili unusu, chai ikiwa tayari mezani. Usijaribu kuanza mapema kuliko hapo, kwa maana anayetoka Industrial Area kuja ukumbi ulio upande wa Westlands hawezi kushindana na msongamano wa jioni, na mvua ikinyesha nauli hupanda na barabara hufungana kabisa. Zile dakika arubaini na tano za kusubiri zina kazi yake, nami nitazirudia hapa chini.

Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ina jumba lake katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, lakini klabu nyingi changa hazina hata kabati. Ukumbi wa kanisa, darasa la shule au chumba cha juu cha mkahawa hutosha, mradi viti viweze kusogezwa na njia ya kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu iwe na taa. Ukague ukumbi katika saa ileile utakayoutumia. Niliwahi kukubali ukumbi niliouona saa nne asubuhi ukiwa kimya kama msitu. Jioni yake chumba cha pili kilikuwa na mazoezi ya kwaya, na msemaji wetu, mzee mwenye sauti ya upole, hakusikika kupita mstari wa tatu. Watu walimpigia makofi kwa heshima, lakini hawakuwa wamesikia lolote, na mpaka leo jambo hilo linanisikitisha, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali.

Msemaji na mada yake

Mwenye kupanda mlima mrefu kuliko wote si lazima awe ndiye msemaji bora. Tafuta mtu anayekumbuka mambo madogo: maji yaliishia wapi, uma wa njia uko kabla au baada ya kijito, usiku alivaa nini akaona bado anatetemeka. Keti naye wiki moja kabla, umwombe akusimulie safari yake bila picha hata moja. Akiweza kukushika kwa dakika kumi namna hiyo, yuko tayari, na hata umeme ukipotea ukumbini, jambo ambalo kila mkazi wa jiji hili analijua, jioni yenu haitaharibika.

Mpe dakika thelathini na tano, na umwombe alete picha zisizozidi thelathini. Wengi hukasirika kidogo wanaposikia kiwango hiki, kwa sababu wana picha mia mbili na kila moja wanaipenda, lakini hadhira iliyotoka kazini haiwezi kutazama kilele kilekile mara kumi na mbili. Picha zenye faida ni za njia, za uma, za kivuko, za hema lililolowa, za chakula kilichobebwa. Ya kilele ni moja tu.

Mwombe pia aanze kwa kuwauliza wasikilizaji jambo. Sisi tuliolelewa na ngano tunajua kwamba fanani hakuanza kabla ya kusikia "Pakawa!" ya watu waliomzunguka, na mzungumzaji wa milima anahitaji kibali hichohicho. Swali rahisi kama "Nani hapa amewahi kuumwa na kichwa mlimani?" huinua mikono kumi, na kuanzia hapo mazungumzo ni ya ukumbi mzima.

Kuna aina nne za jioni ambazo zimetufaa zaidi ya nyingine zote.

Ya kwanza ni jioni ya waongozaji na wapagazi wa Mlima Kenya, nayo naitetea kwa nguvu zangu zote. Watu wa Naro Moru na Chogoria wanaujua mlima kwa miguu yao na kwa masika mengi, na wameona kwa macho jinsi barafuto ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilivyonywea mpaka kubaki mabaki. Hata hivyo, jijini huitwa mara chache mno kusema, na safarini huitwa kubeba. Mwalike mmoja wao mara mbili kwa mwaka angalau, umlipie nauli ya kuja na kurudi na mahali pa kulala, kwa kuwa hawezi kurejea usiku huo, na umpe bahasha sawa na ile ambayo ungempa daktari au mpiga picha. Azungumze Kiswahili kama anavyozungumza njiani. Asiyeelewa neno ataelezwa na jirani yake, na ukumbi wa Nairobi hauna upungufu wa wakalimani.

Ya pili ni jioni ya afya ya mwinuko, ambayo ifanyike wiki tatu kabla ya safari ya Mlima Kenya, ikiongozwa na daktari au muuguzi. Andika ubaoni kwamba wengi wanaopitia njia ya Sirimon hulala kambi ya Old Moses, takriban mita 3,300, na usiku unaofuata hulala Shipton's, takriban mita 4,200. Chini yake andika ushauri unaofuatwa na wapandaji kote duniani: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na siku ya kupumzika iwekwe kila baada ya siku tatu au nne. Mbele ya mruko huo wa mita 900, hakuna atakayebisha kwamba usiku wa ziada njiani unastahili gharama yake. Kisha bandika utepe sakafuni na uwaombe wote watembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Watacheka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu watalikumbuka jaribio hilo usiku ambao mwenzao ataanza kuyumba kama mlevi. Asiyeweza kuufuata mstari huo akiwa juu mlimani huenda ubongo wake umeanza kuvimba, na ni lazima ateremshwe papo hapo akiwa na mtu wa kumsindikiza, bila kungoja kupambazuke. Vivyo hivyo kwa anayehema ilhali ameketi. Nimewahi kuteremka na mwenzangu wa namna hiyo, naye alikuwa ameficha maumivu ya kichwa kwa siku nzima akiogopa kutuharibia safari. Laiti angalikuwa amehudhuria jioni kama hii, angalisema mapema.

Ya tatu ni jioni ya historia. Mlima Kenya pekee unatosha mwaka mzima: Halford Mackinder kufika kilele cha Batian, mita 5,199, mwaka 1899 pamoja na waongozaji César Ollier na Joseph Brocherel, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris kufika kilele cha Nelion mwaka 1929, na Kisoi Munyao kuipandisha bendera ya Kenya katika kilele cha Lenana taifa lilipopata uhuru Desemba 1963. Jioni ya Munyao tumeiweka katika juma la Jamhuri. Majina yenyewe ya vilele yana kisa, kwa kuwa yametokana na viongozi wa kidini wa Wamaasai, huku Wagĩkũyũ wakiuita mlima huo Kĩrĩnyaga. Karura nayo ina jioni yake, kwa sababu vijana wengi wanaotembea humo leo walikuwa hawajazaliwa Wangari Maathai na wenzake walipopigwa wakiutetea msitu huo mwaka 1999.

Ya nne ni jioni ya baada ya safari, ifanyike kabla wiki mbili hazijapita. Hapa husimuliwa yaliyokwenda kombo. Kanuni yetu ni kwamba kosa husemwa na mkosaji hatajwi. Mwaka mmoja tulipotezana katika ukungu chini ya Satima, kilele cha Aberdare cha mita 4,001, kwa sababu waliotangulia hawakungoja kwenye uma wa njia. Jioni ile watu walizungumza kwa saa nzima bila kunyoosheana vidole, na kutoka hapo tukapata sheria ambayo hatujaivunja tena: kila uma, wa mbele hungoja mpaka amwone wa nyuma kabisa. Endapo mwenyekiti ataona sauti zinapanda, na aingilie mara moja na kurudisha maneno kwenye njia, hali ya hewa na mpango, kwani aliyeaibishwa ukumbini atanyamaza siku atakapokuwa na jambo la kuwaokoa wenzake.

Maswali, chai na wageni

Maswali yapewe dakika ishirini kamili, na msimamizi alirudie kila swali kwa sauti ili wa nyuma walisikie. Swali la kwanza litoke kwa mgeni. Wasiopenda kusimama wapewe vipande vya karatasi tangu mlangoni. Maswali bora kuliko yote niliyowahi kuyasoma yalikuja kwa karatasi, yakiwamo yale ya wanawake kuhusu haja na hedhi wakiwa njiani, ambayo mwanachama mzoefu aliyajibu kwa uwazi na heshima.

Sasa zile dakika arubaini na tano za mwanzo. Weka watu wawili mlangoni ambao kazi yao pekee ni kupokea wageni: mmoja kuandika jina, mwingine kumchukua mgeni mpaka kwenye kundi la watu watatu au wanne na kumtambulisha, akitaja anakoishi na mlima anaoutamani. Anakoishi hutajwa kwa makusudi, kwa sababu anayetoka Embakasi akikutana na mwingine wa Embakasi amepata mtu wa kurudi naye. Usimwache mgeni ajitafutie nafasi, kwani wenyeji wa klabu hujikusanya kama vyungu jikoni na hawaoni kuwa wamempa mtu mgongo. Pembeni weka meza ya vifaa vya kuazimana, yaani makoti ya mvua, fimbo, tochi za kichwani na mifuko ya kulalia, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe.

Chakula kisiwe kingi. Chai ya maziwa yenye tangawizi, mandazi, nduma na njugu karanga hutosha. Katika mwezi wa Ramadhani weka tende na maji, na utenge pembe safi ya kusalia, kwa kuwa magharibi ya Nairobi huangukia katika muda uleule wa kufungua mlango. Pombe tumeiondoa katika jioni za mazungumzo. Wanaotaka huenda kwingine baadaye, na hakuna anayejiona amebaguliwa.

Mchango wa chai na ukumbi ulipwe kwa M-Pesa katika nambari ya klabu, kamwe isiwe simu ya mtu binafsi, na mweka hazina asome mapato na matumizi jioni inayofuata. Mgeni wa mara ya kwanza halipi.

Kufunga

Dakika kumi kabla ya mwisho, kiongozi wa safari ya Jumamosi asimame na kutaja mambo matano tu: mahali pa kukutana, saa, umbali, vitu vya kubeba na ugumu wa njia. Aueleze ugumu kwa maneno ambayo mkazi wa jiji anayaelewa. Kwa mlima Longonot, kwa mfano, aseme kwamba baada ya kupanda hadi ukingoni mwa kreta kuna takriban kilomita 7 za kuuzunguka, zenye vumbi na jua kali, na kwamba aliyechoka ana ruhusa ya kungoja ukingoni pamoja na mwenzake mmoja.

Kisha watu waondoke kwa makundi, kulingana na barabara: wa Thika Road pamoja, wa Waiyaki Way pamoja, wa Lang'ata na Rongai pamoja. Mwenye gari aseme ana nafasi ngapi. Asiye na mwenzake asiachwe kituoni, na kila mmoja aandike neno moja kwenye kundi akishafika nyumbani. Mratibu halali kabla ya kuona jina la mwisho. Asubuhi ya Alhamisi, piga simu kwa kila mgeni aliyeandikwa mlangoni, umwulize kama amepata viatu, na umwambie ni nani atakayemngojea kando ya basi.