Usipandie mvua ya kwanza: daftari la mkulima, vituo vya utafiti na msimu A wa Kivu Kusini

Septemba ikiingia, msimu A, yaani msimu wa kwanza wa kupanda huku Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, unaanza, na anayepita barabara ya Bukavu kwenda Kavumu huona mambo yale yale karibu kila mwaka. Mvua moja imenyesha usiku, udongo wa Kabare umelainika, na kabla ya saa sita mchana nusu ya mbegu ya nyumba imeshafukiwa. Kisha jua linarudi, juma zima au zaidi. Maharagi yaliyoota yananyauka, ambayo hayajaota yanaozea ardhini, na mama mwenye shamba anarudi soko la Mudaka kutafuta mbegu nyingine wakati bei imekwisha kupanda, maana majirani nao wamepatwa na shida hiyo hiyo.

Wazee walihesabu miezi, wakatazama ndege na maua ya miti, wakapanda. Haukuwa ushirikina, ilikuwa elimu ya miaka mingi ya kutazama. Lakini joto la dunia limeongezeka kwa zaidi ya digrii 1 kulinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900, na kila digrii moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvua ikija inamwagika kwa pupa. Kalenda ya babu ilitungwa kwa hewa nyingine, kwa hiyo sasa inafaa kupima.

Pima kwa chupa

Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Zile zenye mikunjo hazifai. Ikate pale bega linapoanza. Tia kokoto chini, mimina maji yazifunike hadi yafike sehemu iliyonyooka, kisha chora mstari hapo. Huo ndio sifuri. Kile kichwa ulichokata kigeuze, mdomo uangalie chini, ukisimamishe ndani ya chupa kama faneli. Bandika rula ya mwanafunzi ubavuni, sifuri yake ikae sawasawa na mstari.

Funga chupa kwenye kijiti imara, kimo cha mita 1, mahali peupe. Kama mgomba au nyumba iliyo karibu ina kimo cha mita 4, chupa ikae mbali nayo mita 8 au zaidi. Kila siku saa moja asubuhi soma, andika, mwaga maji yaliyozidi hadi mstari wa sifuri. Jua likiwa limeyapunguza, ongeza. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache nafasi tupu, kwa sababu atakayesoma baadaye hatajua kama haikunyesha au ulikuwa matangani.

Milimita 1 kwenye rula ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Milimita 20 katika kipande cha mita 10 kwa 10 ni lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20. Mama anayebeba bidoni mgongoni huielewa hesabu hii upesi kuliko mwanafunzi wa chuo.

Wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo wana kipimo kinachotumika sana: msimu umeanza pale mvua ya siku 3 mfululizo inapofikia angalau milimita 20, halafu katika siku 30 zinazofuata usipite ukame wa zaidi ya siku 7. Wengine huweka siku 10. Sehemu ya kwanza unaipima mwenyewe. Ikitimia, chimba sentimita 15, shika udongo, ufinye. Ukishikamana donge linalokubali kusokotwa, maji yameingia. Ukimomonyoka na kuwa vumbi, subiri hata kama juu panaonekana pamelowa. Kwenye mteremko chimba mara tatu, juu, katikati na chini, kwa kuwa milimita 20 zilizomwagika kwa muda wa saa moja, nyingi zake zimekwisha teremka mtoni.

Sehemu ya pili ya kipimo, ule ukame usiozidi siku 7, hakuna chupa inayoweza kuisoma kabla haijatokea. Hapo ndipo tunapohitaji watu wengine.

Mvua moja, wizara tatu

Kivu Kusini si mkoa usio na historia ya upimaji. Lwiro, karibu na Katana, ilijengwa na taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947. Leo ni kituo cha serikali cha CRSN. Mulungu kilikuwa kituo cha INEAC, taasisi ya kilimo ya enzi ya Wabelgiji iliyoanza mwaka 1933. Leo ni cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na ndiko makao ya mpango wa taifa wa mazao ya mikunde, maharagi yakiwemo. Kuna pia METTELSAT, shirika la serikali la hali ya hewa. Upande wa vyuo, chuo cha Kikatoliki UCB na chuo cha Kiinjili UEA hapa Bukavu vina vitivo vya kilimo, na chuo rasmi cha UOB kina kitivo cha sayansi.

Ugumu uko kwenye mpangilio wa ofisi. INERA na CRSN ziko chini ya wizara ya utafiti wa kisayansi. METTELSAT iko chini ya wizara ya uchukuzi. Agronomu anayekutembelea shambani yuko upande wa kilimo. Vyuo navyo vina wakubwa wao. Mtu mmoja ana namba, mwingine ana kompyuta, wa tatu ana pikipiki ya kufika kijijini, na hawakutani mpaka walazimishwe na mkataba.

Ushirikiano wa serikali na chuo kuhusu tabianchi, ukifanywa vizuri, ni kazi ya kawaida kabisa. Kituo kinafungua madaftari yake ya zamani. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kumaliza masomo anayahamisha kutoka karatasi hadi kompyuta, siku kwa siku. Mwalimu wake anakagua. Kisha wanahesabu. Wengi huharibu hapo kwa kutoa wastani wa mwezi. Wastani wa Septemba haumsaidii mkulima hata kidogo. Milimita 120 zinaweza kuwa milimita 4 kila siku, au milimita 60 kwa kila moja ya siku mbili na jua kali kwa siku 28.

Kwa hiyo ukikutana na watafiti, usiwaulize mvua itaanza lini. Waulize hivi: katika miaka 30 ya madaftari yenu, mvua ilipoanza kabla ya tarehe 10 Septemba, ilikatika mara ngapi kwa zaidi ya siku 7? Na ilipoanza baada ya tarehe 20, ilikatika mara ngapi? Tuseme, kwa kufundishia tu, kwamba ilianza mapema katika miaka 12 na ikakatika katika miaka 7 kati ya hiyo. Ikachelewa katika miaka 18 na kukatika katika miaka 3. Hapo anayepanda mapema ana zaidi ya nafasi moja kati ya mbili ya kupoteza mbegu, na anayesubiri ana moja kati ya sita. Kusubiri nako kuna gharama yake, maana shamba linachelewa kuachia msimu B, ule wa kuanzia Februari. Lakini sasa mnapima hasara mbili zinazoonekana.

Madaftari ya vituo yana mapengo, na vita vilivyoanza mwaka 1996 vilivuruga kazi ya miaka mingi. Tena kituo kimoja hakisemei milima yote. Lwiro iko kwenye mita 1,700 hivi, chini ya mlima Kahuzi. Uwanda wa Ruzizi uko chini ya mita 1,000 na hupata mvua pungufu kuliko Lwiro. Mkulima wa Kamanyola akipanda kwa namba za Lwiro atajidanganya. Kwa sababu hiyo daftari lako si mchezo wa kusaidia wanafunzi. Chupa 5 katika kijiji kimoja, zikisomwa misimu kadhaa, zinaeleza kitu ambacho hakipo katika ofisi yoyote ya mkoa.

Namba zenu mpelekeeni agronomu wa eneo lenu au kitivo cha kilimo mkiwa chama, si mtu mmoja mmoja. Toa nakala au picha ya simu. Daftari lenyewe libaki nyumbani. Na mwombe kabisa, tangu siku ya kwanza, kwamba matokeo yarudi kwenu katika ukurasa mmoja wa Kiswahili au wa lugha ya Mashi. Mimi hupima ushirikiano wa namna hii kwa jambo moja: je, karatasi imerudi kijijini kabla ya Septemba? Kazi iliyoishia kwenye rafu ya maktaba imempa mwanafunzi diploma, basi. Picha za kutia saini mkataba hotelini hazina milimita ndani yake.

Utabiri wa msimu usomwe vipi

Kituo cha ICPAC cha Nairobi hutoa utabiri wa misimu kwa Afrika Mashariki, na Rwanda na Burundi, majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, wamo ndani yake. Redio husema “mvua itakuwa juu ya kawaida”, watu wakadhani ni ahadi. Utabiri huo hugawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida. Ukisikia 45, 35 na 20, maana yake ni kwamba nafasi ya mvua nyingi ni 45 kati ya 100. Bado 55 zimebaki upande mwingine. Tena unasema jumla ya msimu, hausemi juma gani litakuwa kavu. Utumie kuchagua mazao na kuandaa mitaro, usiutumie kuchagua siku ya kupanda.

Siku yenyewe ya kupanda, gawa mbegu. Theluthi moja kipimo cha milimita 20 kikitimia, theluthi ya pili baada ya siku 7 hadi 10, ya mwisho juma linalofuata. Maharagi mafupi hukomaa kwa siku 75 hadi 90, yale marefu yanayokwea miti huchukua siku 90 hadi 120 katika nyanda zetu za juu. Ukame ukiyakuta kwenye maua, yaani kati ya siku ya 35 na ya 45 hivi, maua yanapukutika. Ukigawa, si shamba lote litakalokuwa na maua juma moja. Mafupi yaende nafasi ya sentimita 40 kwa 20, mbegu 2 kila shimo. Mbegu ya kituo cha Mulungu ikipatikana ni bora kuliko ya sokoni ambayo hujui ilikotoka.

Kuhusu mteremko nitasema machache kwa kuwa kila semina imelisema: mitaro ifuate usawa wa kilima, na juu ya kingo panda nyasi za setaria au miti ya kaliandra, ng'ombe na mbuzi watakushukuru. Tarehe 4 Mei 2023 maji na matope yaliua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Mitaro ya shamba peke yake haizuii janga la ukubwa ule. Milima ya juu inahitaji miti, na hilo ni jukumu la serikali na watu wote wa bonde. Lakini udongo wako wa juu unapotea hata kwa mvua ndogo isiyotajwa redioni.

Msimu B una hesabu ya kinyume. Februari mvua huwa bado ipo au inarudi upesi. Hatari iko mwishoni, kiangazi kinapokaribia kuanzia mwisho wa Mei. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Maharagi mafupi ya siku 80 yaliyopandwa tarehe 15 Machi huvunwa mwanzoni mwa Juni. Marefu ya siku 110 yaliyopandwa siku hiyo hufika Julai, na mvua ya Julai huku kwetu haijazi ganda. Marefu yaingie ardhini Februari; baada ya hapo panda mafupi, au weka mihogo na viazi vitamu.