Chemsha bongo ya msimu wa mwisho wa Friends (tamthilia ya vichekesho ya Marekani), banda la video Tabora

Banda la Kanyenye au Isevya lenye watu 30 linatosha. Gawa timu za watu wanne wanne, andaa maswali 20, kila jibu sekunde 30, liandikwe kwenye karatasi. Ukiruhusu majibu ya kupayuka, wenye sauti kubwa ndio watakaoshinda.

Maswali matamu ni ya nyuma ya kamera. Bora kuliko yote: kwa nini Monica wa msimu wa 10, yaani wa mwisho, anavaa nguo pana na kujificha nyuma ya vitu? Courteney Cox, mwigizaji wa Monica, alikuwa mjamzito, ilhali Monica kwenye hadithi hapati mimba; mtoto wa Courteney alizaliwa Juni 2004. Onyesha kipande cha nusu dakika, simamisha picha pale alipobeba kitu mbele ya tumbo, kisha uliza. Banda zima litachangamka.

Mengine: sehemu ya mwisho ilirushwa Marekani tarehe 6 Mei 2004, na waigizaji wakuu sita walilipwa dola milioni 1 kila mmoja kwa kila sehemu ya msimu huo.

Usiulize jumla ya sehemu za misimu yote. Ya mwisho ni ndefu. Wengine huihesabu moja, wengine mbili, hivyo 235 na 236 zote hutajwa na ugomvi hauishi.

Projekta iwashwe baada ya magharibi, maana mwanga wa kwenye nyufa za mabati hufifisha picha. Jenereta ijazwe mafuta mapema, na vipande vikatwe na kuwekwa kwenye flashi kwa mpangilio wa maswali.