Friji ya dispensa inapovuja nyumbani Uganda: mwongozo kwa walio ughaibuni

Wengi wetu tulioko ughaibuni tumenunua au kusafirisha friji kubwa zinazotoa maji mlangoni kwa ajili ya nyumba zetu za Mukono, Entebbe, Mbarara au Arua, na baada ya muda tunapigiwa simu kuambiwa kwamba friji inavuja. Taarifa hiyo peke yake haimsaidii mtu. Maji yanayodondoka kwenye dispensa, yaani sehemu ya mlango inayotoa maji, maji yanayotuama nyuma ya friji na maji yanayokutwa chini ya droo za mboga ni matatizo tofauti, na kila moja lina chanzo chake. Kabla ya kutuma pesa za fundi ni lazima ijulikane maji yanatokea wapi na yanatokea wakati gani, na kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu yeyote aliyeko nyumbani huku wewe ukiangalia kwa simu ya video.

Swali la kwanza la kumuuliza aliyeko nyumbani ni kama friji imeunganishwa na bomba la maji au haina bomba. Friji nyingi zinazouzwa Kampala zikiwa na dispensa ni zile zenye tangi dogo la plastiki upande wa ndani wa mlango, ambalo hujazwa kwa mkono. Hizi ni rahisi mno kuzitengeneza. Chini ya tangi kuna vali ndogo yenye springi na mpira. Ukisukuma kikombe, vali inafunguka na maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Zikivuja, sababu huwa ni tangi ambalo halikurudishwa sawasawa baada ya kuoshwa, mpira uliopinda au ulioshika uchafu, au tangi lililojazwa kupita alama, kiasi kwamba maji yanaruka kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Iko pia sababu inayotokana na desturi yetu nzuri ya kuchemsha maji ya kunywa: mtu mwenye haraka huyamimina kwenye tangi yakiwa bado ya moto, plastiki inapinda kidogo, na tangu siku hiyo mfuniko na vali havikai tena barabara. Maji yapoe kabisa kwanza.

Ili kujua kama tangi lenyewe ni zima, litolewe, lioshwe, vali ikaushwe, kisha lijazwe nusu na kuwekwa juu ya vikombe viwili vilivyosimamishwa kwenye gazeti kavu, vali ikiwa katikati bila kuguswa na kitu chochote. Baada ya nusu saa gazeti litatoa jibu. Likilowa chini ya vali, mpira ubadilishwe. Likibaki kavu, tangi halina kosa, na tatizo ni jinsi linavyopachikwa mlangoni.

Friji zenye bomba zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndizo tunazozisafirisha kwa gharama kubwa kutoka Marekani, Uingereza au Dubai, na ndizo zinazotusumbua. Malalamiko ya kawaida huwa haya: friji ilifanya kazi vizuri miaka yote huko ughaibuni, lakini tangu ifungwe nyumbani, matone hayakatiki kwenye mdomo wa dispensa hata usiku wakati hakuna aliyechota maji. Hapo wengi huamua kwamba friji iliharibika kwenye kontena, au kwamba fundi bomba hakujua kazi. Mara nyingi friji ni nzima, na kinachokosekana ni presha ya maji.

Nyuma ya friji, mahali mpira mwembamba wa maji unapoingia, kuna vali ya umeme. Koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani yake, ikipata umeme, inafungua tundu dogo na maji yanapita. Umeme ukikatwa, springi inarudisha kizibo mahali pake. Lakini springi hiyo ni dhaifu, na kazi kubwa ya kukandamiza mpira wa vali mpaka uzibe kabisa hufanywa na msukumo wa maji yenyewe yanayoingia. Maji yakiwa na presha ndogo, mpira unakaa kwa ulegevu, na tone moja moja linaendelea kupenya. Ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kwamba presha inayofaa ni kati ya takriban bar 1.4 na bar 8.3 (bar ni kipimo cha presha), na wengine hutaka zaidi ya bar 2 kwa kiwango cha chini.

Sasa pimeni nyumba zetu. Kwa sababu maji ya bomba hukatika, karibu kila anayejenga huweka tangi juu ya mnara au juu ya dari, na friji hupata maji kutoka humo. Kila mita 1 ya kimo huleta takriban bar 0.1 tu. Tangi lililo mita 6 juu ya friji linatoa bar 0.6, yaani chini ya nusu ya kiwango cha chini kabisa, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye viungo vya mabomba na kwenye filta ya friji. Ili kufikia bar 1.4 bila pampu, tangi lingepaswa kuwa mita 14 juu ya friji, kimo cha jengo la ghorofa nne au tano. Hakuna fundi anayeweza kuishinda hesabu hiyo kwa kubadilisha vali, na inaniuma kuona watu wakilipia vali ya pili na ya tatu, kila moja ikiagizwa kutoka nje, wakati tangi liko palepale.

Dalili za presha ndogo zinafanana nyumba kwa nyumba: maji yanatoka kama uzi, mashine ya barafu inatengeneza vipande vidogo au vyenye uwazi ndani, na matone yanaendelea muda mrefu baada ya kikombe kuondolewa. Wapo watengenezaji wanaotoa kipimo rahisi katika vitabu vyao, kwamba kikombe cha takriban mililita 170 hadi 180 kijae ndani ya sekunde 10. Kipimo hicho kifanywe mara mbili, filta ikiwa ndani na filta ikiwa imetolewa, kwa zile friji zinazoruhusu maji kupita bila filta. Kikombe kikijaa haraka bila filta na polepole ikiwemo, filta imeziba. Kikichelewa mara zote mbili, tatizo liko kwenye presha ya nyumba.

Dawa ya presha ndogo ni pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha yenyewe koki inapofunguliwa na kujizima inapofungwa. Ifungwe baada ya tangi la nyumba na isiunganishwe moja kwa moja na bomba la shirika la maji, kwa sababu hapo itavuta hewa na mashapo kila maji yanapokatika, na itawanyima majirani. Fundi aiweke kwenye bar 2 au 3, kiwango kinachoitosha friji bila kutesa viungo vya nyumba ambavyo havikuzoea presha kubwa.

Kukatika kwa maji kuna madhara mengine yanayohitaji uangalizi. Maji yanaporudi baada ya siku mbili, yanakuja yakisukuma hewa na mashapo yaliyokaa kwenye mabomba, na chembe moja ya mchanga ikikwama kwenye kiti cha vali, yaani mahali kizibo kinapokaa, inatosha kuiacha wazi. Waombe walioko nyumbani wazoee jambo dogo: maji yakikatika, koki ya friji ifungwe, yakirudi, yafunguliwe kwanza kwenye bomba la jikoni mpaka yawe meupe, ndipo koki ya friji ifunguliwe. Filta ya mashapo ikiwekwa kwenye bomba kabla ya friji, vali na filta ya ndani, ambayo ni ghali na hutakiwa kubadilishwa kila miezi 6 hivi, zitadumu zaidi.

Hewa iliyonaswa ndani ya mipira hufanana sana na vali mbovu, hasa baada ya filta kubadilishwa. Maji yanatoka kwa kukohoa, yanaacha, kisha matone yanafuata kwa dakika kadhaa kwa sababu hewa iliyobanwa inatanuka na kuyasukuma. Suluhisho ni kuchota lita 10 hadi 15 mfululizo, kwa kubonyeza sekunde 5 na kuachia sekunde 5, ukikusanya maji kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Matone mawili matatu baada ya kuchota ni ya kawaida na hayahitaji fundi. Itazamwe pia trei ndogo iliyo chini ya dispensa: katika friji nyingi haina tundu la kutolea maji, kwa hiyo watoto wakimwaga humo maji yaliyobaki kwenye vikombe, itajaa na kumwagika sakafuni. Ifutwe kila siku.

Ikiwa presha inatosha, hewa imetolewa, na matone hayajakoma, chomoeni friji kwenye umeme na kukausha mdomo wa dispensa kwa kitambaa, kisha muutazame kwa robo saa. Matone yakiendelea kujikusanya na kuanguka ilhali friji haina umeme, basi vali haizibi, na ni halali kuibadilisha. Yakikoma, vali inafunguliwa na umeme usiotakiwa, na hapo fundi aangalie swichi ya kibonyezo au bodi ya umeme. Jaribio hili halina gharama yoyote, na linamzuia fundi asiye makini kubahatisha kwa pesa zako.

Maji yanayotuama nyuma ya friji yana hadithi nyingine. Mpira wa maji hupindwa friji inaposukumwa ukutani, au hukatwa mshazari kwa kisu badala ya kukatwa wima, hivyo haukai vizuri kwenye kiungo. Panya nao hutafuna mipira ya plastiki. Koki ifungwe, friji ichomolewe, ivutwe polepole, na kila kiungo kipitishwe karatasi ya chooni iliyo kavu, kwani karatasi huonyesha unyevu ambao macho hayauoni gizani. Mpira uliokatika ubadilishwe wote. Kuuviringishia utepe wa kuzibia ni kuahirisha mafuriko, na mara nyingi hutokea nyumba ikiwa imefungwa.

Maji chini ya droo za mboga kwa kawaida hayatokani na dispensa kabisa. Yanatokana na tundu la kutolea maji ya barafu inayoyeyushwa, ambalo limezibwa na mabaki ya chakula au barafu. Friji izimwe, barafu iyeyuke, kisha tundu lisukumiwe maji ya vuguvugu kwa sirinji kubwa isiyo na sindano mpaka yaonekane yakishuka kwenye trei ya chini karibu na kompresa. Mlango usiobana huleta unyevu kama huo. Noti ya karatasi ikibanwa mlangoni na kuvutwa ikatoka bila ukinzani wowote, mpira wa mlango uoshwe au ubadilishwe.

Umeme nao unahusika. Ukikatika kwa saa nyingi, barafu iliyo kwenye ndoo ya mashine inayeyuka, inashuka kupitia njia ya barafu, inajaza trei na kufika sakafuni, na anayeamka asubuhi anadhani bomba limepasuka. Kwa nyumba anayoishi mzazi peke yake, nashauri mashine ya barafu izimwe na ndoo imwagwe, kwani sakafu ya vigae yenye maji ni hatari kubwa kwa mzee kuliko faida ya barafu.

Kuhusu usafi wa maji yenyewe, walioko nyumbani wasidanganyike na neno filta. Filta nyingi za friji ni za mkaa. Huondoa harufu na ladha ya klorini, lakini haziui vijidudu. Maji ya tangi la juu ya dari yaliyokaa wiki nzima yanapaswa kuchemshwa hata kama yamepita kwenye friji, na hii ni sababu moja zaidi ya mimi kupendelea friji ya tangi la mlangoni kwa nyumba isiyo na presha: maji yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo moja kwa moja, na hakuna vali ya umeme ya kuharibika. Anayenunua Marekani akumbuke pia kwamba friji ya huko hutumia volti 120 na hezi 60, wakati Uganda ni volti 240 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti, haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde.

Ikiwa imethibitika kwamba vali au filta inahitajika, usinunue kwa kuangalia jina la kampuni tu, kwa sababu kampuni moja hutumia vali tofauti kwa modeli zinazofanana kwa sura. Omba upigiwe picha kibandiko chenye namba ya modeli, ambacho mara nyingi kiko kwenye ukuta wa ndani wa friji, na picha ya pili ya maandishi yaliyo kwenye vali yenyewe, pamoja na volti ya koili. Fundi wa Katwe, Kampala, au wa mtaani kwenu akishapewa kifaa sahihi ataifanya kazi hiyo bila shida. Mwambie tu kwamba mpira ukatwe wima, usukumwe mpaka ugote ndani ya kiungo, na friji isirudishwe ukutani kabla viungo havijakaa na maji saa nzima juu ya karatasi kavu.