Kabla boti ya zamani haijakuchemkia majini

Injini ikichemsha boti ikiwa imefungwa gatini, umepoteza nusu siku na mikono imejaa grisi, basi. Ikichemsha ukiwa kwenye mlango mwembamba, mkondo unakuvuta na upepo unakusukumia miambani, huna pembeni pa kuegesha ukainua boneti. Ndiyo maana karibu yote nitakayoyataja hapa ni ya kufanywa injini ikiwa baridi, mchana, na hakuna abiria anayekuuliza mtaondoka saa ngapi. Nazungumzia injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti, si mashine ya kuning'inia nyuma.

Kabla ya kushika spana, jua boti yako inapozwaje. Ziko injini zinazovuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloku, kisha yanatoka pamoja na moshi kwenye ekzosi. Ziko zenye mizunguko miwili: maji matamu yenye kulanti, ile dawa ya kuzuia kutu na kuchemka, yanazunguka ndani ya injini, na maji ya bahari yanapita kwenye kipozeo kuyaondolea joto bila kuchanganyika nayo. Injini ya maji ya chumvi moja kwa moja huwekewa thamostati (kilango kinachojifungua kwa joto na kupitisha maji) inayofunguka mapema, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, kwa sababu maji ya bahari yakizidi joto hilo huanza kuacha ukoko kwenye kuta, kama birika linavyofanya. Ya mizunguko miwili hukaa raha kwenye 80 na kitu. Mshale ukisimama 82, basi, kwa mmoja ni siku njema na kwa mwenzake ni hatari. Na boti iliyopita mikono mingi isikushangaze: unaweza kukuta fundi alichomeka thamostati isiyo yake kwa sababu tu ilitosha kwenye tundu.

Halafu chukua daftari. Injini ikiwa nzima, andika mshale unasoma ngapi bila gia, ngapi kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, na unachukua dakika ngapi kufika hapo. Kinga ndoo ya lita 10 chini ya ekzosi, uhesabu sekunde mpaka ijae. Namba hizo zitakusaidia kuliko namba za kitabu, maana ni za injini yako na uchakavu wake. Kama unacho kipimajoto kile cha kuelekezea bila kugusa, piga kwenye nyumba ya thamostati, uone kama kinakubaliana na geji. Geji za zamani zinadanganya. Mara nyingi mshale ukiruka mpaka juu mara tu unapowasha swichi, na injini bado baridi, ugonjwa uko kwenye waya unaogusa chuma au kwenye sensa, maji hayahusiki.

Sasa fuata maji tangu yanapoingia. Koki ya chini ya boti izungushe kwa mkono, lakini usiamini mkono peke yake: kwenye koki kuukuu mkono unaweza kuzunguka na mlango wa ndani usisogee. Ifunge, vua mpira, kisha ifungue kidogo huku kizibo cha mbao laini kiko mkononi, siyo kwenye sanduku kule mbele. Maji yapande kwa nguvu. Yakija kama ya bomba la mgao, kuna mfuko wa plastiki, majani au makombe yamekaa mlangoni. Kwenye chujio watu huosha wavu na kusahau mpira wa kifuniko. Ukikauka, pampu inavuta hewa hapo badala ya maji, na wewe unabaki kutazama wavu safi ukijiuliza tatizo liko wapi.

Pampu ya maji ya bahari ndiyo ninayoitilia shaka kwanza, kila mara. Ndani yake kuna impela ya mpira yenye mabawa, nayo hulainishwa na maji yanayopita. Ikizunguka kavu, hata kwa dakika moja au mbili, inaweza kuungua. Boti ikikaa miezi bila kutumika, mabawa yaliyobanwa upande mmoja yanakariri ule mkunjo na hayanyooki tena. Itoe, kunja kila bawa kwa kidole, utazame shinani: nyufa huanzia hapo. Kisha hesabu mabawa. Likikosekana moja, usifunge impela mpya ukaondoka. Kipande kile hakikutoka na maji, kimekwenda kukwama kwenye mlango mwembamba wa kwanza kilioukuta, kwa kawaida mdomo wa kipozeo. Tazama pia bamba la kifuniko. Kucha ikikwama kwenye mikwaruzo ya duara, pampu hiyo inavuja ndani kwa ndani na haivuti sawasawa hata kwa impela mpya. Wakati wa kufunga, paka impela maji ya sabuni au gliserini. Mafuta ya injini si rafiki wa mpira.

Na ifanye kazi hiyo gatini angalau mara moja kabla ya kuihitaji baharini. Waliounda injini nyingi za zamani waliificha pampu upande ambao mkono unafika lakini jicho halifiki. Mara ya kwanza nilifungua skrubu sita kwa kupapasa, nne nikazishika, mbili zikaenda zao kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Siku hizi natandika kitambaa chini ya pampu kabla ya kugusa bisibisi, na ninazo skrubu za akiba kwenye kopo.

Mipira ina hila yake. Boti niliyokuwa nayo ilikuwa inachemsha ikipita raundi 2,000 kwa dakika tu. Chini ya hapo, shwari kabisa. Nilibadilisha thamostati, nikabadilisha impela, nikasafisha kipozeo, na mshale ukapanda vilevile. Mwisho nilikaa karibu na injini huku mwenzangu akiongeza mafuta, tochi nimeielekeza kwenye mpira wa kuvutia maji. Kwa nje ulikuwa mweusi, unang'aa, hauna ufa. Raundi zilipopanda ukaanza kunywea polepole, kama shavu la mtu anayenyonya mrija, mpaka pande zake zikakutana. Mpira wa upande wa kuvuta unatakiwa uwe na waya wa kuukaza ndani. Ule haukuwa nao, au ulikuwa umekwishaliwa na kutu. Klipu zake, kwa taarifa yako, zilikuwa mpya.

Kipozeo kina vijibomba vyembamba ndani, na mara nyingi kipande cha zinki cha kuliwa na kutu kwa niaba ya metali nyingine. Zinki ikifika nusu, ibadilishe. Ukiiacha mpaka imeguke, vipande vyake ndivyo vitakavyoziba vijibomba. Ng'ambo yake kuna kiwiko cha ekzosi, pale maji ya bahari yanapokutana na moshi wa moto. Masizi, chumvi na kutu hujengeka humo taratibu kwa miaka, na hakuna geji inayokuonyesha. Pima hivi: kama maji yanafika vizuri kwenye mpira ulio kabla ya kiwiko, lakini nyuma ya boti yanatoka machache na moshi umejaa mvuke mweupe, kivue ukichungulie. Nimewahi kuona kimoja ambacho kidole kidogo hakikupita.

Upande wa maji matamu hauna mengi. Kiasi cha kulanti, belti isiyoteleza, kifuniko cha presha ambacho mpira wake haujapasuka. Thamostati ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, uone kama inaanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Ukibadilisha maji, toa hewa yote, kwani hewa iliyonaswa juu ya silinda hedi huchemsha hata injini isiyo na ubovu. Ukiona mapovu yasiyokoma kwenye tangi la kulanti, au mafuta ya injini yamegeuka rangi ya maziwa, acha kuhangaika na pampu: huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda, na safari imeahirishwa.

Kabla hujafungua kitu tena, tazama chini ya boti. Uchafu uliogandamana na kamba iliyojisokota kwenye rafadha, yale mapanga yanayosukuma boti, huifanya injini ivute mzigo usio wake. Joto linapanda kwa mwendo mkubwa pekee, moshi unakuwa mweusi, na mwendo unapungua kwa raundi zilezile. Watu wamefungua injini mpaka kwenye pistoni wakati dawa ilikuwa kifaa cha kukwangulia na mtu anayejua kupiga mbizi.

Vya kubeba ni impela na gasketi yake, belti, mpira mmoja wenye waya, klipu, thamostati, kulanti, maji matamu ya kutosha kujaza upya, na zana zinazofungua hayo yote. Nanga iwe tayari kushuka, siyo chini ya majaketi. Mshale ukianza kupanda, punguza mafuta na tazama ekzosi. Maji yakiwa bado yanatoka, iache injini izunguke taratibu bila mzigo ipoe. Yakiwa yamekatika kabisa, izime. Kifuniko cha presha usikiguse mpaka uweze kuweka kiganja juu ya tangi, na usimwage maji baridi kwenye chuma cha moto.

Jambo moja ambalo wengi hujifunza kwa hasara: injini ikikataa kuwaka, usiendelee kupiga starta huku koki iko wazi. Pampu inaendelea kusukuma maji, lakini hakuna moshi wa kuyatoa, kwa hiyo yanajaa kwenye sailensa mpaka yanarudi ndani ya silinda. Funga koki, piga starta, na ifungue sekunde injini inaposhika. Mimi ufunguo wa kuwashia nauning'iniza kwenye mkono wa koki, ili niondokapo nisiweze kuuchukua bila kuigusa.